Kabla ya Kununua Kalipa Nyekundu

Desemba 2024, Rais Paul Kagame alisimama hapa Kigali mbele ya mkutano wa FIA, shirikisho la magari la kimataifa, na kutangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1. Toka siku hiyo vijana wenye magari wameshikwa na homa. Wanajua kwamba Alexander Wurz, dereva wa zamani wa Formula 1, ndiye anayechora uwanja, na kwamba unakusudiwa kujengwa Bugesera karibu na uwanja mpya wa ndege. Mbio bado ni ombi, lakini spea zake zinatafutwa tayari kwa wauza spea wa Gatsata: diski zilizotobolewa matundu, kalipa nyekundu za pistoni nne au sita, pedi zenye picha ya bendera ya miraba kwenye boksi. Mwenye Carina E ya miaka ya tisini anaziulizia, na mwenye RAV4 naye anaziulizia.

Sina ugomvi na homa hiyo. Ila gari linaloishi Kigali lina shida yake ya breki, na gari la mashindano lina ya kwake, na dawa ya moja mara nyingi hulidhuru jingine. Ukilielewa hilo utaokoa pesa nyingi, na pengine zaidi ya pesa.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, kisha kulitupa joto hilo hewani. Chukua gari la kilo 1,500. Likisimama kutoka kilomita 60 kwa saa, mwendo ambao Sofia, kamera zetu za barabarani, hazikubali uuvuke sehemu nyingi za mji, breki humeza kilojuli kama 210. Likisimama kutoka kilomita 100, humeza karibu 580. Sasa literemshe gari hilo hilo mlima wenye kimo cha mita 400, taratibu, bila haraka yoyote. Ukiiachia breki kazi yote, joto linalotakiwa kutupwa ni kilojuli karibu 5,900. Toa kinacholiwa na upepo na matairi. Bado ni kama kusimama kutoka kilomita 100 mara kadhaa mfululizo, bila nafasi ya kupoa katikati.

Hiyo ndiyo shida ya Kigali. Wageni waliiona Septemba 2025, dunia nzima ya baiskeli ilipokuja kushindana hapa: wanaume walipewa kilomita 267.5 zenye jumla ya mita 5,475 za kupanda, na kila mita waliyopanda waliiteremka. Sisi tunaiona kila wiki. Ukitoka Musanze unakutana na Buranga kule Gakenke, kisha unakuja kushuka Shyorongi hadi Nyabugogo. Ukitoka Muhanga unashuka Ruyenzi hadi Nyabarongo. Malori "yaliyokosa feri", yaani breki, yanayotangazwa redioni hayakuwa yakikimbia mashindano. Mengi yalikuwa yakiteremka polepole yakiwa na mzigo, mguu wa dereva juu ya pedali kwa dakika nyingi.

Kuna na jambo la pili ambalo wauza spea hawalisemi. Kigali iko juu ya mita 1,500, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Hewa hiyo ndiyo inayopoza diski. Ndiyo pia inayosukuma busta, lile pipa jeusi lililo nyuma ya pedali chini ya boneti, ambalo husaidia mguu wako kwa kutumia tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la injini. Hewa ikiwa nyepesi, msaada wa busta huisha mapema ukikanyaga kwa nguvu, na kinachobaki ni misuli ya paja lako. Timu za Formula 1 zinaijua adha hii vizuri: kwa uwanja wa Mexico, ulio juu ya mita 2,200, hupanua njia za kuingizia upepo kwenye breki. Wewe huna njia za kupanua, kwa hiyo usijiongezee mzigo kwa kufunga pedi inayotaka kukanyagwa mara mbili zaidi.

Breki huchoka kwa namna mbili, na dereva anayezitofautisha kwa mguu wake anajua cha kutengeneza. Ya kwanza ni ya pedi: pedali iko juu, ngumu kama kawaida, unakanyaga lakini gari linaendelea. Pedi imepita joto lake na imeanza kuteleza juu ya diski. Ya pili ni ya mafuta: pedali inabonyea, inazama, pengine inafika sakafuni. Hapo mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa, na mvuke, tofauti na mafuta, unabanika. Nguvu ya mguu inaishia kuubana mvuke. Ya kwanza hukupa onyo la harufu. Ya pili huja ghafla, mara nyingi baada ya kuachia pedali kwa sekunde chache na kuikanyaga tena, na ndiyo inayoua.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye mafuta. Najua hakuna anayepiga picha ya mafuta ya breki na kuituma kwa marafiki. Lakini mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko, mwaka hadi mwaka, na kila tone la maji linashusha joto la kuchemka. Viwango vinasema hivi: DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205, lakini ikishakunywa maji kufikia asilimia 3.7 inaruhusiwa kuchemka kwenye nyuzi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. DOT 5.1 ni 260 na 180. Gari lililotoka Ubelgiji au Dubai miaka sita iliyopita na halijawahi kubadilishwa mafuta, kwa mwenendo wetu wa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba, liko kwenye zile namba za chini, na pengine chini yake.

Badilisha kila baada ya miaka miwili. DOT 4 inatosha kwa gari la mjini na la safari, DOT 5.1 ni nzuri zaidi kwa anayeteremka milima kila siku akiwa na watu saba na mizigo. Usichanganye na DOT 5 isiyo na nukta moja, hiyo ni ya silikoni na haielewani na hizi nyingine. Nunua chupa ndogo iliyofungwa, ifunguliwe mbele yako. Fundi akichukua galoni lililo nusu, lililokaa rafuni wazi tangu mvua za mwaka jana, mwambie kwa upole kwamba umekuja na lako. Na usikubali akuongezee tu juu kwenye kichupa: mafuta mabaya yako chini, kwenye kalipa, ndiko yanakochemka. Lazima yatolewe gurudumu kwa gurudumu mpaka yatoke masafi na bila mapovu.

Baada ya mafuta, pedi. Hapa ndipo neno "bora" linapopotosha watu. Kila pedi imetengenezwa kwa kiwango chake cha joto. Pedi ya kawaida hushika vizuri tangu asubuhi ikiwa baridi kabisa, na huanza kulegea ikipita joto fulani. Pedi ya uwanjani imegeuzwa: haijaamka mpaka diski ipate moto wa kutosha, na ikiamka inavumilia joto ambalo lingeigeuza ya kawaida kuwa majivu. Breki za kaboni za Formula 1 ndizo za mwisho kabisa kwa tabia hii. Zinafanya kazi vizuri kuanzia nyuzi kama 400 hadi karibu 1,000. Zikiwa baridi hazifai hata kuegeshea gari.

Sasa fikiria asubuhi yako. Unatoka Kimironko saa kumi na mbili na nusu, kuna nyuzi 16 nje, hujakanyaga breki hata mara moja, na mtoto wa shule anaingia kwenye zebra. Pedi ya mashindano wakati huo imelala. Itakupeleka mita kadhaa mbele zaidi ya ile pedi ya kawaida uliyoitupa kwa dharau. Zaidi ya hapo italia kila kona, itakula diski, na itaacha unga mweusi unaotoboa rangi ya rimu. Kwa Kigali, tafuta pedi nzuri ya barabarani kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, ya kauri au yenye chuma kiasi. Ile ya kauri ni kimya na safi. Yenye chuma huvumilia joto la mteremko kidogo zaidi. Mwenye kubeba mizigo achague ya pili.

Pedi feki ndiyo adui mkubwa kuliko aina ya pedi. Gatsata utapata pedi ya kweli na ya uongo kwenye meza moja, boksi zikiwa pacha. Itoe kwenye boksi. Tazama pale nyenzo ya kusugua inapokutana na bati la nyuma: pakiwa na ufa, au gundi imemwagika ovyo, rudisha. Pedi zote nne ziwe na maandishi yale yale yaliyogongwa kwenye bati, na uso wake usiwe na mashimo wala chembe kubwa zinazong'aa. Na kuna mchezo mmoja wa gereji ambao nauona kila mara: fundi anatoa pedi ya zamani iliyoungua, uso wake umekuwa laini na unang'aa, anachukua msasa, anaisugua mpaka iwe nyeusi tena, anairudisha na kukwambia imepona. Inang'aa kwa sababu ilipikwa. Msasa unaondoa mng'ao, lakini kilichopikwa chini yake kinabaki kimepikwa. Ikibaki nene milimita tatu au chini, pia haina mjadala.

Mwombe fundi huyo huyo afanye kazi ndogo isiyo na jina kubwa: atoe pini ambazo kalipa inateleza juu yake, azisafishe, azipake grisi ya breki inayostahimili joto. Pini zikikwama, pedi ya upande mmoja hufanya kazi peke yake, gari linavuta upande mmoja, na mwenye gari anauziwa diski mpya. Akague na mipira ya breki. Ikiwa na nyufa au inavimba mtu akikanyaga pedali, ibadilishwe. Ile iliyosukwa kwa waya wa chuma hukupa pedali imara zaidi na ni mabadiliko ya halali kwa gari la barabarani, mradi itoke kiwandani ikiwa na vipimo vyake, isiungwe uchochoroni.

Turudi kwenye kalipa nyekundu. Kwa mwendo wa mjini, breki za kiwandani zilizo nzima tayari zina nguvu ya kufunga magurudumu mpaka ABS ianze kugonga. Kutoka hapo, anayesimamisha gari ni tairi. Kalipa ya pistoni sita haiongezi mshiko wa tairi kwenye lami iliyolowa hata kidogo. Kinacholetwa na diski kubwa ni uwezo wa kubeba joto: ni kama sufuria nzito, inachelewa kupata moto. Hiyo ni faida ya kweli uwanjani, mzunguko baada ya mzunguko. Mjini ni kilo za ziada kwenye gurudumu, rimu za inchi 15 ambazo hazitaingia tena, na mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma uliovurugwa, kwa sababu wengi hufunga mbele tu. Kuhusu matundu: hayahitajiki kwa pedi za leo, na diski iliyotobolewa ikipata moto na kupoa mara nyingi hupasuka kutoka tundu hadi tundu. Diski ya kawaida isiyo na matundu, yenye mapengo ya upepo katikati, unene wake ukiwa juu ya kile kipimo cha chini kilichogongwa ukingoni, ndiyo yako.

Ukiwa bado na pesa mkononi, nunua matairi. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mgumu wa miaka minane hauokolewi na breki yoyote.

Wengine huniambia, "Lakini gari langu limepita kontrole Remera." Vizuri. Mashine ya ukaguzi ya kule inazungusha magurudumu polepole na kupima nguvu ya kila upande, na inaumbua haraka kalipa iliyokwama au breki ya mkono iliyokufa. Lakini inapima breki ikiwa haijapata moto. Haijui mafuta yako yatachemka kwenye nyuzi ngapi, wala pedi yako itafanya nini katikati ya Buranga. Na kuna kichekesho: pedi ya mashindano, kwa ubaridi wake, inaweza kupata alama mbaya zaidi pale kuliko ile ya bei rahisi.

Magari ya haibridi, ambayo yamejaa mjini, yana tabia yake. Mota hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, kwa hiyo pedi hudumu sana, lakini diski hushika kutu na pini za kalipa hukauka kwa kukosa kazi. Kwenye mteremko mrefu betri hujaa, na ikishajaa haipokei tena. Hapo ndipo herufi B ya kwenye gia ina maana, kwa kuwa inaifanya injini ishike gari. Iweke kabla mteremko haujaanza. Kwa otomatiki ya kawaida ni L au 2, kwa gia za mkono ni ile gia ambayo ungepandia mlima huo huo. Kanyaga breki kwa kueleweka, shusha mwendo, achia zipumue, rudia. Ukifika chini zikiwa zinatoa moshi, endelea taratibu kilomita moja mbili upepo uzipooze. Kuzimwagia maji, kama wafanyavyo baadhi ya madereva wa malori, ni kuipasua diski.

Sasa wale wa mashindano kweli. Rwanda leo mashindano ya magari ni rali, ya barabara za vumbi. Rwanda Mountain Gorilla Rally, inayohesabiwa katika ubingwa wa Afrika, imekimbiwa kwenye udongo wa Bugesera, na huko sheria za uwanja wa lami zinageuka. Gari kama Škoda Fabia Rally2 hufungwa diski za milimita 355 na rimu za inchi 18 likiwa kwenye lami. Likienda kwenye udongo, timu huzitoa na kufunga diski za milimita 300 na rimu za inchi 15. Wataalamu hao, wenye pesa zote, wanachagua breki ndogo, kwa sababu udongo haukupi mshiko wa kuzitumia kubwa, na tairi nene lenye ubavu mrefu lina thamani zaidi. Kijana anayetaka kuingia rali aanze na mafuta mapya yenye kiwango cha juu, pedi za joto la kati, mipira ya waya iliyofichwa mbali na mawe, na yale mabati ya nyuma ya diski yabaki mahali pake. Mabati hayo hutolewa uwanjani ili upepo uingie. Kwenye vumbi ndiyo yanayozuia kokoto kukaa kati ya pedi na diski.

Na kwa wachache wanaopata nafasi ya kuendesha kwenye uwanja wa lami, kama ndugu zetu walioko Ghuba wenye Dubai Autodrome na Yas Marina mlangoni, au wanaosafiri hadi Kyalami: kuwa na seti mbili za pedi. Za uwanjani zifungwe siku ya kwenda na zitolewe kabla ya kurudi barabarani. Tia mafuta ya mashindano yanayochemka juu ya nyuzi 300 yakiwa mapya, na uyabadilishe mara nyingi, kwa maana mengi kati yake huharibika haraka zaidi kwa unyevu. Anza siku na pedi ambazo hazijalika hadi nusu. Mzunguko wa mwisho uende polepole bila kugusa breki, na ukiegesha usivute breki ya mkono.

Pedi mpya, za barabarani au za uwanjani, hazijawa tayari siku zinapofungwa. Zinahitaji kuzoeana na diski. Chagua asubuhi mapema, isiwe Jumapili ya Car Free Day, uende mahali palipo tambarare, kama upande wa pili wa Nyabarongo kuelekea Nyamata, kusiwe na gari nyuma yako. Kutoka kilomita 60 shusha mwendo hadi 15 kwa breki ya nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa, kisha ongeza tena. Mara nane au kumi zinatosha. Utasikia harufu, ni kawaida. Halafu endesha dakika kumi bila kuzigusa sana, ukaegeshe kwenye tambarare ukitumia gia na kipande cha jiwe nyuma ya tairi. Kesho yake kaza tena nati za magurudumu kwa spana ya mkono, moja na ya mkabala wake, kisha tazama kichupa cha mafuta. Pedi mpya ni nene, zimerudisha pistoni ndani na kuyapandisha mafuta. Kama fundi alikuwa amekijaza hadi juu kabla ya kuzifunga, yatoe kidogo kwa bomba la sindano hadi kwenye mstari, na uyafute yaliyomwagika kabla hayajala rangi.